Parabuthus: nge anayesomwa mkiani

Ukimmulika nge usiku penye mchanga, jicho hukimbilia magando kwanza. Ndiyo yanayotangulia, ndiyo yanayofunguka, na ndiyo yanayotisha. Kwa nge wa jenasi Parabuthus, jicho likiishia hapo limekosea. Magando yao ni membamba na mepesi, na mtu asiyewajua anaweza kudhani nge mwenye magando kama hayo hana la kumfanya. Habari yote iko nyuma, kwenye mkia: jinsi ya kumtambua, sauti anayoitoa, sumu anayoirusha hewani, na sababu ya kumpeleka mtoto aliyeumwa naye hospitali usiku uleule badala ya kungoja kuche.

Wanaoishi na nge wana kanuni moja ya haraka ambayo kwa Afrika kavu husaidia sana. Magando manene na mkia mwembamba, sumu yake kwa kawaida si kali kwa binadamu. Magando membamba na mkia mnene, kaa mbali. Nge wakubwa weusi wa jenasi Pandinus na jamaa zake, wale wenye magando kama ya kaa, ni wa kundi la kwanza, na Opistophthalmus, wachimbaji wa mashimo wa kusini mwa Afrika, nao ni hivyo hivyo. Parabuthus ni mfano wa wazi kabisa wa kundi la pili. Mkia wake unaweza kuwa mpana kiasi kwamba, ukimtazama kutoka juu, magando yanaonekana kama yameazimwa kwa nge mdogo zaidi.

Rangi isikudanganye. Parabuthus transvaalicus ni mweusi au kahawia iliyoiva, P. pallidus ni wa manjano hafifu kama majani makavu, na P. granulatus hubadilika kutoka eneo moja hadi jingine. Anayetafuta "nge mweusi" peke yake atamkanyaga wa manjano. Ukubwa nao si kipimo. P. villosus wa Namibia na kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, mwenye manyoya mengi, anaweza kupita sentimita 12 na ni miongoni mwa nge wakubwa kabisa wa familia ya Buthidae. Lakini mdogo wa sentimita 5 bado ana mkia uleule, na sumu.

Tuutazame mkia wenyewe kwa karibu. Una pingili 5, kisha kifuko cha sumu chenye mwiba uliojikunja. Kusema kweli si mkia kama wa mbwa. Utumbo wa nge unapita humo ndani, na njia ya haja iko mwishoni mwa pingili ya tano, karibu kabisa na kifuko cha sumu, kwa hiyo nge aliyekatika mkia hapotezi silaha tu. Kwa Parabuthus, pingili ya kwanza na ya pili ndizo za kuangalia. Ni pana, na juu yake, upande wa mgongo, kuna bonde la kina kifupi. Shika lenzi ya kukuza mara 10 juu ya nge aliyekufa, au picha kali ya aliye hai, utaona ndani ya bonde hilo vinundu vidogo vilivyobanana kama punje za msasa. Hicho ndicho chombo chake cha sauti. Anapotishwa, huukunja mkia kuelekea mbele mpaka ncha ya mwiba ifike kwenye vinundu, kisha anakwangua kurudi nyuma, tena na tena. Sauti yake ni ya mkwaruzo mkavu, kama ukucha unaoburutwa juu ya msasa, na usiku uliotulia unaisikia ukiwa umesimama.

Opistophthalmus naye hutoa sauti, ila yeye hutumia sehemu za mdomo, na inayotoka ni kama mfoko wa hewa. Pandinus husugua mashina ya magando na miguu ya mbele. Ni Parabuthus anayetumia mwiba kukwangua mkia wake mwenyewe. Basi ukisikia mkwaruzo huku mwiba ukicheza juu ya mgongo, hata kabla hujaona vizuri, umeshajua uko na nani. Kinyume chake hakifai. Si kila spishi ya Parabuthus ina vinundu vilivyokomaa vya kutosha kupiga kelele, na hata mwenye navyo hakulazimika kukuonya. Ukimya wake si ruhusa ya kusogea.

Kukwangua mkia ni hatua ya kwanza tu. Ya pili huwashtua hata watu waliozoea nge: baadhi ya Parabuthus, akiwamo P. transvaalicus na P. villosus, hurusha sumu hewani, nayo inaweza kufika umbali wa karibu mita 1. P. transvaalicus alipopimwa kwa makini mwaka 2015, ilionekana kwamba hurusha hasa mkia unaposhikwa, na zaidi tena kama pamoja na kushikwa kuna upepo unaompuliza, kama pumzi ya mnyama aliyemwinamia. Kuanzia koleo, yaani kibano kirefu cha kushikia, linapogusa mkia hadi sumu kutoka ni chini ya sekunde moja. Mrusho wenyewe ni uzi mwembamba wa sehemu ndogo ya sekunde, na halengi shabaha. Ila mkia huwa unachezacheza wakati huohuo, kwa hiyo uzi ule hutawanyika, na macho ya aliyeinama yanakuwa njiani.

Soma tena kipimo hicho ukikumbuka ushauri unaorudiwa kila mahali: "mshike nge mkiani kwa koleo refu." Kwa nge wengi ushauri huo unafaa. Kwa Parabuthus ni njia ya uhakika ya kumfanya arushe sumu, huku uso wako uko juu yake na pumzi yako inamfikia. Miwani ya kukinga macho, ile inayofunika pembeni, si mapambo kwa anayefanya kazi na nge hawa. Sumu ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunguliwa, halafu nenda kwa daktari. Usisugue, usiweke maziwa wala dawa ya kienyeji.

Sumu mbili katika kifuko kimoja

Tone la kwanza linalotokea kwenye ncha ya mwiba wa P. transvaalicus ni angavu kama maji. Akiendelea kuchokozwa, linalofuata huwa na utando wa ukungu, na la mwisho ni jeupe zito kama maziwa. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba haya si mawimbi ya sumu ileile. Lile tone angavu, wanaloliita sumu ya awali, limejaa chumvi ya potasiamu na lina protini kidogo sana. Potasiamu ikimwagika kando ya neva huivuruga papo hapo: mdudu mdogo hupooza, na mnyama mkubwa huona maumivu makali kwa sekunde ileile. Sumu nyeupe ndiyo yenye protini nyingi zinazofunga na kufungua milango ya ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme kama potasiamu na kalsiamu, kwenye neva na misuli. Mojawapo, kurtoxin, iliyotolewa kwa P. transvaalicus na kuelezwa mwaka 1998, imekuwa zana ya maabara ya kuchunguza milango ya kalsiamu.

Kwa nini nge ajisumbue kuwa na mbili? Kwa sababu nyeupe ni ghali. Baada ya kukamuliwa, matumizi ya nguvu ya mwili wa P. transvaalicus hupanda kwa takriban asilimia 39 katika saa 72 za mwanzo anapoijenga upya. Kwa mnyama anayeweza kukaa muda mrefu bila kula, hiyo ni gharama ya kufikiriwa. Chumvi ni rahisi, kwa hiyo huanza nayo, na nyeupe huiweka akiba kwa adui asiyeondoka au windo linalopigana. Uchoyo huohuo unaonekana mawindoni. Utafiti wa mwaka 1993 juu ya P. liosoma na P. pallidus ulionyesha kwamba mdudu mdogo au mlegevu husagwa kwa magando na mdomo tu, bila mwiba kutumika kabisa. Mwiba hutolewa windo likiwa kubwa au likipambana.

Hapa panatoka jambo la kivitendo. Aliyeumwa mara moja na nge aliyeshtuka anaweza kuwa amepata tone la chumvi tu: maumivu makali, kisha yanapungua. Aliyekanyaga na kuendelea kumbana nge chini ya unyayo, au aliyeumwa mara mbili tatu ndani ya kiatu, huenda amepata ile nyeupe. Ukali wa maumivu ya dakika ya kwanza hausemi ni ipi iliyoingia.

Anapoishi

Reginald Innes Pocock aliitenga jenasi hii mwaka 1890. Sasa ina spishi zaidi ya 30, karibu zote za nchi kavu zinazopata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka. Ukiziweka kwenye ramani utaona vitu viwili vilivyotengana: kundi la kaskazini-mashariki, kuanzia Pembe ya Afrika na Rasi ya Arabia kushuka hadi Kenya na Tanzania, na kundi la kusini-magharibi, kuanzia Angola na Namibia kupita Botswana hadi Afrika Kusini na Zimbabwe. Choroa wamekaa hivyohivyo, bweha masikio nao, na digidigi pia. Maelezo yanayokubalika ni kwamba nyakati za ukame zilizopita ukanda wa nyika kavu uliziunganisha pande hizo mbili. Misitu ya miyombo iliporudi katikati, ikawakata. Nge ni msafiri mbaya sana, kwa hiyo ramani yake ni ushahidi mzuri wa tabia ya nchi ya kale.

Ndani ya nyika hizo, kila spishi ina udongo wake. Wanaokaa kwenye mchanga laini wana safu za nywele ngumu miguuni, kama vitana, zinazoongeza upana wa unyayo ili wasizame. Wa kwenye udongo mgumu na changarawe hawana haja nazo. Mashimo ya Parabuthus kwa kawaida si marefu. Mtafute kwenye shina la kichaka, chini ya kishungi cha majani, chini ya gogo au jiwe bapa. Nge wengi wa familia hii wana tabia ya kuning'inia upande wa chini wa jiwe, wala hawakai kwenye udongo. Anayeinua jiwe kwa vidole huweka vidole vyake pale pale. Tumia chuma chenye ndoano au fimbo imara, inua ukingo ulio mbali nawe ili jiwe lenyewe libaki kuwa ukuta kati yenu, kisha lirudishe lilivyokuwa. Jiwe lililoachwa chali hukauka chini, na huwa limevunja nyumba ya wengi.

Kumtafuta usiku

Gamba la nge hung'aa kijani-buluu likimulikwa kwa miale ya urujuanimno (UV). Tochi ya nanomita 395 ni rahisi kupata na inatosha kwa hatua moja au mbili, lakini mwanga wake wa zambarau unaoonekana hufunika mng'ao wa mbali. Tochi ya nanomita 365 yenye kioo cheusi cha kuchuja hukuonyesha nge mita kadhaa mbele. Usiitazame moja kwa moja. Chagua usiku wa joto, usio na upepo na usio na mbalamwezi, hasa baada ya mvua za kwanza. Mwezi mpevu huwarudisha wengi mashimoni. P. villosus ni tofauti kidogo, kwani huonekana akitembea hata jua likiwa bado halijazama.

Kosa kubwa ni kutembea na tochi ya urujuanimno pekee. Hiyo inakuonyesha nge, haikuonyeshi nyoka, mwiba wala shimo la mhanga. Kila hatua tatu nne, mulika kwa tochi ya kawaida. Vaa buti la soli nene linalofunika kifundo. Kosa la pili ni kuamini kwamba kisichong'aa hakipo. Nge aliyetoka kujivua gamba hang'ai vizuri mpaka gamba jipya likakamae, na watoto weupe walio mgongoni mwa mama yao hawang'ai kama yeye. Na si kila king'aacho ni nge: kuvu-mwani za mawe, vipande vya plastiki na baadhi ya jongoo hung'aa pia.

Ukilazimika kumhamisha, mathalani yuko ndani ya hema au chumba cha kulala, achana na koleo. Chukua kopo la plastiki au la kioo lenye kuta laini, urefu wa sentimita 15 au zaidi. Parabuthus hawezi kupanda kioo wala plastiki laini. Lilaze mbele yake, kisha kwa kijiti cha sentimita 30 gusa miguu yake ya nyuma, si mkia. Atatembea mbele na kuingia. Lisimamishe, funika. Kwenye sakafu tambarare unaweza kumfunika kwa kopo kutoka juu na kupitisha kadi ngumu chini, ila penye changarawe kadi hukwama na kufungua mwanya, na hapo ndipo watu huumwa kidoleni. Mwachilie mbali na nyumba, penye kichaka au jiwe. Hana sababu ya kuuawa. Ndiye anayekula mende na mbawakawa, na yeye naye ni chakula cha nyani, wanaomng'oa mkia kwanza kabla ya kumla.

Kambini, mambo machache hupunguza ajali kuliko dawa yoyote. Usitembee pekupeku usiku hata kwa hatua kumi za kwenda chooni. Kung'uta viatu kila asubuhi, kisigino kikiwa juu. Kuni zikusanywe mchana. Zipu ya hema ifungwe muda wote, na nguo zisilale chini. Kitanda kisiguse ukuta, na chandarua kichomekwe chini ya godoro.

Akishauma

Maumivu huja papo hapo, kama moto. Kinachowapotosha watu ni ngozi: mara nyingi hakuna uvimbe wa maana, na tundu la mwiba halionekani. Basi huambiwa "amechomwa na mwiba tu". Vua pete na viatu kabla ya lolote, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa chenye barafu, laza kiungo kisicheze. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye. Sumu hii huenda kwenye neva za mwili mzima. Kuchanja hakuitoi, kunaongeza jeraha.

Mtoto, mzee, au mgonjwa wa moyo au mapafu apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili. Mtu mzima mwenye afya asiachwe peke yake. Kwa wanaozidiwa, dalili za mwili mzima kwa kawaida huanza ndani ya saa 4: ganzi na kuwashwa kunakosambaa, ngozi kutovumilia hata shuka, misuli kukakamaa, mikono na miguu kurukaruka, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, mate kumjaa mdomoni kwa sababu hawezi kumeza. Mtoto huwa hatulii kabisa, analia na kujitupatupa, na mzazi anaweza kudhani ni degedege. Inayoua ni pumzi. Misuli ya kupumua inachoka, na mate yanaziba njia ya hewa. Ndiyo sababu asipewe chakula wala kinywaji akishindwa kumeza, asipewe pombe, na asipewe dawa kali za usingizi au jamii ya mofini nje ya mikono ya daktari, kwa kuwa hushusha pumzi zaidi.

Hali hii si ya kukisia. Ripoti ya kitabibu ya Afrika Kusini ya mwaka 1993 ilikusanya visa vikali 42. P. granulatus ndiye aliyeongoza katika visa hivyo, P. transvaalicus akafuata, na watoto 4 walifariki. Ipo dawa ya kupinga sumu inayotengenezwa Johannesburg kwa damu ya farasi waliopewa sumu ya P. transvaalicus. Hupewa kwa mshipa, hospitalini, kwa mwenye dalili za mwili mzima. Mwenye maumivu ya kidole pekee hahitaji, kwa kuwa protini za farasi zinaweza kuleta mzio mkali na adrenalini, dawa ya kuukabili mzio huo, lazima iwe tayari. Mtoto hapunguziwi kipimo kwa uzito wake, kwani nge hakumpunguzia sumu.

Ukienda hospitali, andika kwenye karatasi saa aliyoumwa na saa ya kila dalili mpya. Kama nge alionekana, usipoteze muda kumtafuta wala kumkamata. Ikiwa yuko palepale, piga picha moja kutoka juu, ukiwa umbali wa zaidi ya mita 1, na uhakikishe pingili mbili za mwanzo za mkia na upana wa magando vimeingia kwenye picha.